Misemo ya Kilatini katika Hukumu za Mahakama: Maana Yake na Funzo Lake kwa Mabaraza ya Kanisa

Utangulizi

Si mara chache mchungaji huletewa na msharika wake nakala ya hukumu ya mahakama, akaombwa amsaidie kuielewa. Hukumu yenyewe yaweza kuwa imeandikwa kwa Kiingereza, au kwa Kiswahili, hasa tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Hata hivyo, katikati ya maneno yanayosomeka hukutwa machache ambayo si ya lugha hii wala ile: audi alteram partem, res judicata, mens rea, obiter dictum. Msharika hudhani kwamba mchungaji, kwa kuwa alisoma Kigiriki chuoni na pengine Kilatini kidogo, atayafahamu. Mchungaji naye huona haya kukiri kwamba hayafahamu.

Katika makala hii tunakusudia kueleza baadhi ya misemo hiyo: imetoka wapi, ina maana gani, na mahakama huitumiaje katika kutoa uamuzi. Lengo letu si kuwafanya wachungaji kuwa mawakili. Tunaandika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba misemo mingi kati ya hii ama ilizaliwa ndani ya Kanisa ama ilipitia mikononi mwa watu wa Kanisa kabla ya kufika mahakamani. Ya pili ni nzito zaidi: sisi wenyewe ni waamuzi. Baraza la wazee linapomweka mtu chini ya marudi, kamati inapomsimamisha mwinjilisti kazi, au Baraza la Usuluhishi la Ndoa linapowasikiliza mume na mke, hapo pana hukumu, hata kama hatuiiti kwa jina hilo.

1. Asili ya misemo hii

Warumi wa kale walipenda kufupisha sheria ndefu katika sentensi fupi zinazokumbukika. Kaisari Justinian alipoamuru maandiko ya wanasheria wa Kirumi yakusanywe, kazi iliyotangazwa mwaka 533 kwa jina la Digesta, sura ya mwisho kabisa ya mkusanyo huo ilitengwa kwa ajili ya kanuni fupi za namna hiyo, nazo ni 211. Kanisa la Magharibi lilifuata mfano huo. Mwaka 1298 Papa Boniface wa Nane alitoa kitabu cha sheria za Kanisa kiitwacho Liber Sextus, na mwishoni mwake aliweka kanuni 88. Kwa muda mrefu kasisi, mwanasheria na mwanachuo walijifunza kanuni hizo hizo.

Kutoka huko misemo iliingia Uingereza, ambako Edward Coke, jaji mashuhuri wa karne ya 17, aliieneza kwa maandiko yake. Mwaka 1845 Herbert Broom alitoa kitabu kilichoikusanya na kuifafanua, na vizazi vya mawakili vilikitumia. Huku kwetu ililetwa na utawala wa Kiingereza. Sheria ya Tanganyika iliweka tarehe 22 Julai 1920 kuwa siku ambayo sheria ya Kiingereza isiyoandikwa, pamoja na kanuni zake za insafu, ilianza kupokelewa nchini, kwa kadiri hali ya nchi ilivyoruhusu. Hivyo maneno ya Roma yalifika Tanga, Moshi na Bukoba yakiwa yamevaa joho la jaji wa Kiingereza.

Kabla ya kuendelea, yatupasa kushika jambo moja. Kanuni ya kwanza kabisa kati ya zile 211 inatokana na mwanasheria aitwaye Paulus (asichanganywe na Mtume), naye anaonya kwamba sheria haitolewi katika kanuni, bali kanuni ndiyo inayotolewa katika sheria. Maana yake ni kwamba msemo ni muhtasari tu. Unatusaidia kukumbuka hukumu nyingi zilizotangulia, lakini hauwezi peke yake kuamua shauri. Anayeutaja msemo bila kuangalia mazingira ya shauri ni kama mhubiri anayenyofoa nusu ya aya na kuijengea hubiri zima.

2. Audi alteram partem: usikilize na upande wa pili

Huu ndio msemo unaotajwa kuliko mingine katika hukumu zinazotengua maamuzi ya mabaraza, kamati na waajiri. Unadai kwamba asihukumiwe mtu kabla hajaelezwa tuhuma inayomkabili na kupewa nafasi ya kutosha ya kuijibu.

Historia yake ina kisa kinachotuhusu. Mwaka 1718 Chuo Kikuu cha Cambridge kilimvua digrii zake Richard Bentley, mkuu wa Chuo cha Trinity, mtaalamu yule yule ambaye wanafunzi wa Agano Jipya wanamfahamu kwa mpango wake wa kutayarisha matini sahihi ya Kigiriki. Kosa lake lilikuwa kuidharau mahakama ya chuo alipoletewa hati ya kuitwa. Alivuliwa bila kuitwa ajitetee. Bentley alikwenda kwa majaji wa Mfalme, nao mwaka 1723 wakaamuru arudishiwe digrii zake. Mmoja wa majaji hao, Fortescue, alikumbusha kwamba hata Mungu mwenyewe hakumhukumu Adamu kabla ya kumwita ajieleze. Rejea yake ni Mwanzo 3:9–13. Mungu, ajuaye yote, anauliza uko wapi. Anauliza kama tunda limeliwa. Anamgeukia mwanamke na kumwuliza naye. Kumbe haki ya kusikilizwa haitokani na mwamuzi kukosa habari. Mwamuzi aweza kuwa anajua kila kitu, na bado akawajibika kuuliza, kwa sababu anayehukumiwa ni mtu, naye anastahili kusema. Msomaji makini atatambua pia kwamba katika sura hiyo nyoka peke yake hakuulizwa neno.

Mwaka 1863 jaji mwingine wa Kiingereza alirudia hoja hiyo ya Edeni katika shauri la Cooper dhidi ya bodi ya ujenzi ya Wandsworth. Sheria ilimtaka mjenzi atoe taarifa siku saba kabla ya kuanza kujenga, vinginevyo bodi ingeweza kuibomoa nyumba. Bodi ilisema haikupata taarifa, ikaibomoa nyumba ya Cooper bila kumwuliza. Kweli, sheria ile haikutaja popote kwamba mjenzi asikilizwe kwanza. Lakini mahakama iliamua kwamba sheria inapokaa kimya juu ya kusikilizwa, haki yenyewe hulijaza pengo hilo. Bodi ikashindwa.

Nchini Tanzania kanuni hii si mapokeo ya Kiingereza tu. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba, iliyoingizwa pamoja na haki nyingine za msingi mwaka 1984, inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa. Mahakama ya Rufani, katika shauri la kampuni ya Mbeya-Rukwa Autoparts lililochapishwa katika taarifa za sheria za mwaka 2003, ilieleza kwamba kanuni hii imekwisha kuwa haki ya kikatiba. Mahakama hiyo imeshikilia pia kwamba uamuzi uliotolewa bila kumsikiliza mhusika hutenguliwa hata kama, angalipewa nafasi ya kusema, uamuzi ungalikuwa ule ule. Hapo ndipo wengi wetu hukwazika. Husema: kosa lake lilikuwa wazi, ya nini kumwita? Sheria hujibu kwamba uwazi huo ndio unaotakiwa kupimwa.

Maandiko yalikwisha kusema hayo. Nikodemo aliwauliza wenzake kama torati humhukumu mtu kabla ya kumsikia (Yn 7:51). Festo, mpagani, aliona aibu kumtoa Paulo bila kumkutanisha na washtaki wake (Mdo 25:16). Mithali 18, katika aya za 13 na 17, inamkemea ajibuye kabla ya kusikia na kutukumbusha kwamba wa kwanza kusema huonekana mwenye haki hadi aje mwenzake.

3. Nemo judex in causa sua: mtu asiwe mwamuzi katika shauri lake mwenyewe

Waswahili husema mwamba ngoma huvutia kwake. Msemo huu wa pili unakusudia jambo hilo hilo, lakini mahakama zimeupeleka mbali zaidi ya hapo.

Katika shauri la Dimes dhidi ya kampuni ya mfereji ya Grand Junction, lililoamuliwa mwaka 1852, jaji mkubwa kuliko wote wa Uingereza, Lord Cottenham, aliipa kampuni ushindi. Baadaye ikajulikana kwamba alikuwa na hisa zake ndani ya kampuni hiyo. Waliosikiliza rufaa walisema waziwazi kwamba hakuna anayeweza kudhani kuwa Cottenham alipotoshwa na hisa zile. Hata hivyo waliutengua uamuzi wake. Kisha wakalipima shauri upya, na Dimes akashindwa tena! Msomaji aweza kuuliza faida ilikuwa nini. Faida ilikuwa kwamba Dimes sasa alishindwa mbele ya watu wasio na hisa katika mfuko wa adui yake.

Shauri la mahakimu wa Sussex, lililochapishwa mwaka 1924, lilikwenda mbele hatua moja. Mtu alishtakiwa kwa kuendesha gari kwa hatari. Karani wa mahakama alikuwa wa ofisi ile ile ya mawakili iliyokuwa ikimdai fidia mshtakiwa huyo kwa ajali hiyo hiyo. Mahakimu walipoondoka kwenda kushauriana, karani aliingia nao. Hawakumwuliza neno, wala yeye hakusema neno. Hukumu ilitenguliwa. Jaji Mkuu Hewart alieleza kwamba haitoshi haki itendeke. Ni lazima watu waione ikitendeka bila shaka yoyote. Mwaka 1999 Baraza la Malodi lilieleza sababu za kutengua hukumu yake lenyewe katika shauri la Augusto Pinochet, kwa kuwa jaji mmoja kati ya watano alikuwa mkurugenzi wa taasisi iliyofungamana na shirika lililojiunga katika shauri hilo.

Kwa hiyo swali ambalo mahakama huuliza si kama mwamuzi alipendelea kweli. Moyo wa mtu haupimwi kwa rula. Swali ni kama mtu mwenye busara, akitazama kutoka nje, angekuwa na sababu ya kutilia shaka. Nasi hatuna budi kujiuliza: mchungaji aliyegombana na mtunza hazina juu ya matumizi, je, anaweza kuwa mwenyekiti wa kikao kinachomjadili mtunza hazina huyo? Mzee ambaye ni mjomba wa bibi arusi, je, abaki kikaoni? Mtume anamwagiza Timotheo asifanye neno lolote kwa upendeleo (1 Tim 5:21). Anayejiondoa kikaoni hajikiri kuwa mwovu. Anailinda hukumu.

4. Mens rea: nia yenye hatia

Katika kesi za jinai msemo kamili ni actus non facit reum nisi mens sit rea, yaani tendo halimfanyi mtu kuwa na hatia isipokuwa nia yake nayo iwe na hatia. Wengi hudhani ni msemo wa Warumi. La, asili yake ni mimbarini. Askofu Augustino wa Hippo, akihubiri juu ya katazo la kuapa katika Yakobo 5:12 (ni hubiri lake la 180), alieleza kwamba aliyeapa uongo akiamini kuwa ni kweli si mwapa uongo, na aliyeapa kweli akiamini kuwa ni uongo ana hatia. Ulimi, kwa maelezo yake, hautiwi hatiani ila na moyo. Maneno hayo yaliingia katika kitabu cha sheria cha Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 12, na Coke akayapitisha kwa waliomfuata. Hivyo kila mara jaji anapotaja mens rea, anatumia lugha ya askofu wa Afrika ya Kaskazini.

Tuchukue shauri la Tolson la mwaka 1889, ambalo kila afungishaye ndoa angefaa kulijua. Mwanamke aliachwa na mumewe mwaka 1881. Akasikia kwamba mumewe alizama pamoja na meli iliyokuwa ikienda Marekani. Mnamo Januari 1887, akijihesabu mjane, aliolewa tena kwa uwazi. Desemba mwaka huo mume wa kwanza akatokea. Mama huyo alishtakiwa kwa kuolewa na waume wawili akatiwa hatiani, lakini majaji kumi na wanne walipokaa kulipima jambo hilo, tisa walisema hana hatia, kwa kuwa aliamini kwa unyofu na kwa sababu za maana kwamba mumewe amefariki.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania ina fundisho hilo hilo. Kifungu cha 11 kinamkinga aliyekosea kuhusu ukweli wa jambo, kwa unyofu na kwa sababu za maana. Lakini kifungu cha 8 kinasimama upande wa pili na msemo mwingine, ignorantia juris non excusat: kutoijua sheria si udhuru. Mama Tolson alikosea juu ya jambo, yaani uhai wa mumewe. Angalidai kwamba hakujua kuwa sheria inakataza waume wawili, asingaliachiliwa. Tofauti hii huwatatiza wanafunzi, nasi twakiri kwamba ina ukali ndani yake, hasa pale ambapo sheria imeandikwa kwa lugha ambayo wananchi wengi hawaisomi. Kwa sababu hiyo kuandikwa kwa sheria katika Kiswahili ni jambo la haki, wala si la utamaduni peke yake.

5. Ne bis in idem na res judicata: jambo moja lisihukumiwe mara mbili

Msemo huu nao umepitia altareni. Katika miaka ya 1160 Mfalme Henry wa Pili wa Uingereza alitaka makasisi waliotenda uhalifu, wakisha kuvuliwa daraja na mahakama ya Kanisa, wakabidhiwe kwake waadhibiwe tena. Askofu Mkuu Thomas Becket alikataa, akitegemea Nahumu 1:9 kama Yeronimo alivyoifafanua, kwamba Mungu hahukumu jambo lile lile mara mbili. Becket aliuawa ndani ya kanisa lake tarehe 29 Desemba 1170, na mfalme akalazimika kulegeza madai yake. Hata hivyo tusiyatazame hayo kwa jicho moja. Upendeleo waliopata makasisi wahalifu ulidumu Uingereza, kwa sura mbalimbali, hadi mwaka 1827, na wengi walikwepa adhabu waliyostahili. Kanuni njema ilitumika kama kichaka.

Katika mashauri ya madai kanuni hii huitwa res judicata, yaani jambo lililokwisha kuamuliwa. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai kinaizuia mahakama kusikiliza shauri ambalo hoja yake kuu ilikwisha kuamuliwa kabisa, kati ya watu wale wale, na mahakama yenye uwezo. Ikikosekana mojawapo ya sifa hizo, mlango hubaki wazi. Kwa mfano, shauri lililofutwa kwa sababu hati ilikosewa, bila hoja yenyewe kuamuliwa, halijawa res judicata.

6. Qui tacet consentire videtur: anyamazaye huonekana kukubali

Huu ni msemo wa 43 katika zile kanuni 88 za mwaka 1298. Thomas More, aliposhtakiwa mwaka 1535 kwa kukataa kukiri ukuu wa mfalme juu ya Kanisa, aliutumia kujitetea: kama kimya chake kina maana yoyote, basi sheria yachukulia kwamba alikubali. Hakusalimika.

Tunautaja hapa kwa sababu unatumiwa vibaya kuliko mingine, hasa katika mabaraza ya ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ugomvi wa ndoa upelekwe kwanza mbele ya Baraza la Usuluhishi kabla ya mahakama kuombwa talaka, isipokuwa katika hali maalumu, na jumuiya ya dini yaweza kuwa na Baraza lake. Hivyo wachungaji na wazee hukaa hapo kwa uwezo wa sheria ya nchi, na hati wanayoitoa hutangulia shauri zima. Mke anaingia, anawakuta wazee saba wanaume, watatu wakiwa marafiki wa mumewe. Anaulizwa kama aliyosema mumewe ni kweli. Ananyamaza. Karani anaandika: amekubali.

Yatupasa kujua kwamba msemo huo una mkia ambao mara nyingi hukatwa: anyamazaye huonekana kukubali pale alipopaswa kusema na alipoweza kusema. Tena kanuni ya 44, inayofuata mara moja, yasema kwamba anyamazaye hakiri, ingawa pia hakani. Wanasheria wa Papa waliziweka mbili hizo pamoja ili msomaji asikimbie na moja. Waswahili nao walionya kwamba kimya kingi kina mshindo. Mwamuzi mwema huuliza kwanza ni kitu gani kilichomfunga mtu mdomo.

7. Ratio decidendi na obiter dictum: kiini cha uamuzi na neno la kando

Misemo hii miwili si kanuni za haki, bali ni vyombo vya kuisomea hukumu. Ratio decidendi ni sababu ya kisheria iliyobeba uamuzi, nayo hufunga mahakama za chini katika mashauri yafananayo. Obiter dictum ni neno ambalo jaji amelisema njiani. Laweza kuwa na hekima kubwa, lakini halifungi.

Mfano maarufu ni shauri la Donoghue dhidi ya Stevenson. Tarehe 26 Agosti 1928, mjini Paisley nchini Scotland, mwanamke alinunuliwa kinywaji na rafiki yake. Chupa haikuonyesha ndani. Alipokwisha kunywa kiasi, alidai, mabaki ya konokono aliyeoza yalitoka pamoja na kinywaji kilichosalia. Hakuwa na mkataba na mwenye duka, kwa kuwa hakununua yeye. Basi akamshtaki mtengenezaji. Mwaka 1932 Baraza la Malodi lilimkubalia, watatu kwa wawili. Lord Atkin alianza na swali la mwanasheria katika Luka 10:29, jirani yangu ni nani, akafafanua kwamba katika sheria jirani ni yule ambaye napaswa kumfikiria kwa kuwa tendo langu laweza kumdhuru kwa karibu. Kiini cha uamuzi, kwa kusoma kwa uangalifu, ni chembamba zaidi: mtengenezaji wa bidhaa anayeitoa ikiwa imefungwa, bila nafasi ya kukaguliwa njiani, anawajibika kwa mtumiaji wa mwisho. Maneno mapana juu ya jirani yalizidi haja ya shauri lile, ingawa mahakama za baadaye ziliyajengea jengo kubwa. Naye konokono hakuthibitishwa kamwe, maana shauri lilimalizwa kwa mapatano.

Mwanatheolojia ataona zaidi. Lord Atkin mwenyewe alikiri kwamba sheria hulijibu swali la mwanasheria kwa mipaka. Bwana Yesu hakujibu kwa mipaka. Aliligeuza swali, akauliza ni nani aliyekuwa jirani wa yule aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi (Lk 10:36). Sheria huuliza nina wajibu kwa nani. Injili huuliza mimi nimekuwa jirani wa nani. Maswali hayo mawili hayagombani, lakini tusiyachanganye.

8. Summum ius, summa iniuria: sheria ikishikwa mno, dhuluma huzidi

Msemo huu uliandikwa na Cicero kama methali iliyokwisha kuzoeleka zama zake. Martin Luther, aliyeanza masomo ya sheria Erfurt mwaka 1505 kabla ya kuingia utawani, na ambaye tarehe 10 Desemba 1520 alivitupa vitabu vya sheria za Kanisa motoni huko Wittenberg, hakuutupa msemo huu. Katika maandiko yake ya mwaka 1526 juu ya askari na wokovu aliutumia kufundisha kwamba sheria haiwezi kuona kila hali kabla, na kwamba mwamuzi anayeishika bila insafu huigeuza kuwa dhuluma. Katiba ya Tanzania, katika Ibara ya 107A(2)(e) iliyoongezwa mwaka 2000, inaelekea huko inapozitaka mahakama kutenda haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi.

Lakini insafu si ruhusa ya kufanya lolote. Wapo wasemao kwamba Kanisa ni familia, hivyo halihitaji taratibu za mahakama. Katika Katekisimu Kubwa, kwenye amri ya nane, Luther anatenganisha kuijua dhambi na kuwa na mamlaka ya kuihukumu, na anataka njia ya Mathayo 18 ifuatwe hatua kwa hatua. Huruma isiyo na utaratibu humwangukia mwenye ndugu wengi kikaoni.

Hitimisho

Tuseme na lililotusukuma kuandika. Miaka kadhaa iliyopita tulikaa katika baraza la wazee la usharika mmoja. Ililetwa tuhuma kwamba mtunza hazina amekula fedha za ujenzi. Siku ile alikuwa amekwenda kumwuguza mama yake wilaya nyingine. Aliyeleta tuhuma alibaki kikaoni, akapiga kura. Mmoja alisema kwamba mhusika alipoulizwa njiani juu ya fedha hizo alinyamaza, basi amekubali. Tulimtenga na Ushirika Mtakatifu, na tangazo likasomwa Jumapili. Baada ya miezi miwili stakabadhi zilipatikana ndani ya jalada la fundi, zikiwa kamili. Tulikwenda kumwomba radhi, akatupokea kwa adabu na kututengea chai. Kanisani hakurudi.

Hapakuwa na mtu mwovu katika kikao kile. Tulifungua kwa sala na kufunga kwa sala. Tulichokosa ni mambo matatu ambayo hata mahakama ya mwanzo isingeyasahau: kumsikia asiyekuwapo, kumtoa mshtaki katika uamuzi, na kukipima kimya chake. Hakuna hata mmoja wetu aliyehitaji Kilatini ili kuyajua hayo, kwa maana yote yamo katika Maandiko tuliyoyasoma siku ile ile.

Basi, msharika akikuletea hukumu yenye maneno haya mageni, usimwambie tu maana yake. Mwonyeshe nyuma ya kila msemo mtu aliyewahi kuhukumiwa bila kusikilizwa. Na siku utakapokaa kitini kama mwenyekiti, kabla ya kuomba kura, uliza kwanza: huyu tunayemjadili yuko wapi? Ndilo swali la kwanza aliloulizwa mwanadamu baada ya kukosa.